Jibu la Jumatano Jioni

"Aya ya kumi na saba," Delfina alijisemea, na kidole chake kikashuka mstari mmoja.

Mezani alikuwa na nakala mbili, rasimu ya zamani na ile iliyotumwa kwa nchi zote. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ila haikutaka haraka: kuhakikisha kwamba kila neno lililokuwa ndani ya mabano, yaani lililobishaniwa kwenye rasimu, sasa ama limetolewa kwenye mabano ama limefutwa. Nchi za pande mbili za bahari ya Atlantiki, zaidi ya thelathini, zilikuwa karibu kukubaliana juu ya andiko la kurasa kumi na moja kuhusu kulinda nyaya zilizolazwa chini ya bahari hiyo. Kama ilivyo kawaida yao, zilikuwa zimegombana wiki mbili juu ya neno moja, "zitahakikisha", ambalo wengine walitaka liwe "zitajitahidi". Delfina Bettencourt, mshauri katika ujumbe wa Ureno mjini Brussels, ndiye aliyepewa kazi ya kuliandika na kuliandika tena mpaka wote watulie.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika arobaini. Zilibaki dakika ishirini.

Katika kazi ile hakuna kura wala mikono inayonyanyuliwa. Andiko likishaiva hutumwa kwa nchi zote na kupewa siku na saa. Huko huitwa kuliweka kwenye ukimya. Mwenye neno aseme kabla ya saa. Saa ikifika na hakuna aliyesema, basi limepita na wote wamekubali. Ni kama mwari wa zamani alipoulizwa mbele ya kadhi: akinyamaza, karidhia. Delfina alikuwa ameishi na desturi hiyo miaka kumi na sita, akaizoea kama mtu anavyozoea mlio wa friji ya nyumbani kwake, hausikii tena.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Ragnhild, wa ujumbe wa Norwe, na vikombe viwili vya kahawa.

"Bado unahesabu mabano?"

"Nahakikisha."

"Unahakikisha au unajitahidi?"

Delfina alicheka, akapokea kahawa. Ragnhild alikaa kwenye ukingo wa meza kama alivyozoea, akaangalia saa, kisha akamwangalia yeye.

"Washington imetoka, nasikia."

"Imetoka. Mkuu wa masuala ya ulinzi ubalozini. Agosti naanza."

"Hongera. Umeipigania hiyo tangu nikujue." Alipuliza kahawa yake. "Na yule mkulima wako?"

"Anakuja."

"Kasema hivyo?"

"Hakukataa."

Ragnhild alishusha kikombe taratibu. "Delfina, dada yangu. Hakukataa ndiyo nini?"

"Nilimwandikia wiki tatu zilizopita, asubuhi ya safari ya kikazi, kabla ya kupanda ndege. Nikamweleza yote, nikapendekeza twende wote. Nikamwambia nisiposikia neno hadi Jumatano, saa kumi na mbili jioni, nitajua ameafiki."

"Na Jumatano?"

"Hakusema neno."

Ragnhild alikuwa mtu wa mizaha, na Delfina alikuwa anausubiri mzaha, lakini ulichelewa.

"Ulimweka mwanaume kwenye ukimya," Ragnhild alisema hatimaye. "Siku tatu. Hata sisi Wanorwe mnatupa tano."

"Si mtu wa maneno mengi. Nilitaka kumrahisishia."

"Yeye, au wewe?"

Delfina alirudisha kidole kwenye aya ya kumi na saba. Ragnhild akainuka, akamgusa bega.

"Nenda kamsikie kwa masikio yako. Leo. Mimi nitakaa hapa na hiyo saa yako mpaka ifike."

"Nitaisubiri mwenyewe. Dakika chache tu."

Saa kumi na moja ilifika. Hakuna nchi iliyosema neno. Andiko la nyaya za baharini likapita, na katika ofisi ile hakukuwa na mtu wa kumpa mkono, maana Ragnhild alikuwa ameshaondoka na vikombe vyote viwili. Delfina alitia sahihi, akazima taa, akachukua bahasha ya kaki yenye fomu za wizara, zile zilizotaka sahihi na picha ya mwenzi anayesafiri naye.

*

Mama yake alipiga simu akiwa njiani, kutoka Terceira, kisiwa cha Ureno kilicho katikati ya bahari ile ile.

"Mama, naendesha."

"Basi sikiliza tu, usijibu. Shangazi yako kasema unakwenda na mtu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nimekwambia usijibu. Huyo mtu anakwenda Amerika kufanya nini? Kupanda majani?"

"Ni witlofu, mama. Mboga."

"Ndiyo nimesema majani. Baba yako alilima viazi mpaka kiuno kikapinda. Tukauza ng'ombe wawili usome, ili usije ukaolewa na udongo."

"Hajanioa."

"Hilo nalo ni la kusema kwa sauti?" Kisha sauti ya mama ikalainika. "Anakutunza lakini?"

Delfina alitazama barabara iliyolowa mbele yake. "Ananipikia. Gari likiharibika ananitengenezea. Hanipigii kelele."

"Baba yako hakunipigia kelele miaka arobaini, na sikujua anafikiri nini hata siku moja. Haya, endesha."

Simu ikakatika. Delfina alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa amekaa Ottawa, Oslo, Lisbon, na sasa Brussels, na kila mji aliuingia na masanduku mawili na kuutoka na masanduku mawili. Alijua idadi ya meli za nchi zisizo zake. Alijua ni waziri gani anapenda kuitwa kwa jina lake la kwanza na ni yupi atakasirika. Katika miji yote hiyo hakuwahi kulijua jina la jirani wa mlango wa pili. Fleti yake ya Brussels ilikuja na samani zake, na mpaka leo, miaka mitatu baadaye, alikuwa bado anakaa upande ule ule mmoja wa kochi, kama mgeni.

Joris, yule mkulima, alimpata kwa sababu ya mashine. Kando ya barabara ya Kampenhout, nje ya Brussels, wakulima huweka mashine za kuuzia mboga, na ya Joris siku ile ilimbania mfuko wa witlofu nusu ndani nusu nje. Delfina alipiga namba iliyoandikwa ubavuni. Dakika tano baadaye akaja mwanaume mrefu mwenye mabuti ya matope, akafungua kwa ufunguo, akamkabidhi mfuko, akasema, "Pole." Kisha, baada ya kufikiri kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshaondoka, akaongeza, "Zinachomwa vizuri na jibini." Huyo ndiye aliyemfanya, katika mwaka na nusu uliofuata, aweke vikombe vyake sita vya kisiwani katika kabati la mtu mwingine. Hakuwahi kufanya hivyo katika mji wowote.

Ndiyo maana alipoingia kwenye ukumbi wa nyumba ya akina Joris Verlinden na kuona maboksi mawili karibu na mlango, hakuelewa mara moja anachokiona. Yalikuwa maboksi ya mboga, yamefungwa kwa kamba. Juu ya moja, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye makreti, pameandikwa: FINA. VIKOMBE. TARATIBU.

"Karibu, Mheshimiwa," sauti ilitoka jikoni. "Tulikutarajia Jumapili."

Mzee Gust, baba yake Joris, alikuwa mezani anamenya viazi. Alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwita kwa jina. Siku akiwa na furaha alimwita Mheshimiwa. Siku akiwa na hasira alimwita Mheshimiwa Balozi, cheo ambacho hakuwa nacho.

"Nimerudi jana, Mzee Gust. Haya maboksi ni ya nini?"

"Yako hayo. Kayafunga Joris. Nilimwambia asivifunge vikombe na gazeti, wino unaacha alama. Hakunisikia."

"Kwa nini amefunga vitu vyangu?"

Mzee alimtazama kwa utulivu. "Si unaondoka?"

"Tunaondoka. Mimi na Joris."

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Hilo mimi sijalisikia."

"Nilimwandikia. Hakukataa."

"Alikujibu?"

"Hakujibu."

"Basi," Mzee Gust alisema, akaendelea kumenya, "alikujibu."

Delfina alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Mzee alimsukumia kiazi na kisu kingine, kama mtu anayempa mgonjwa maji, naye akaanza kumenya bila kufikiri.

"Ndugu yangu Fons," Mzee alisema, "mwaka ule mama yetu alipofariki, aliniomba tuunganishe mashamba. Aliniomba hapa hapa, umekaa kiti chake. Sikumjibu. Nilimmiminia bia. Alikunywa, akaenda zake. Miaka thelathini sasa, kila Jumapili tunakunywa pamoja, na hajauliza tena. Angeniuliza, ningelazimika kusema hapana, na ningesema hapana tungegombana mpaka kaburini. Sisi mtu tunayemheshimu hatumkatalii usoni."

"Kwetu mtu anayenyamaza amekubali."

"Kwenu Ureno?"

"Hapana." Delfina alikiweka kiazi chini. "Kazini."

Mzee Gust hakucheka. Pengine kama angecheka ingekuwa afadhali. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Mimi sitaki uondoke naye, hilo nakwambia usoni kwa kuwa nimezeeka na adabu imenipungua. Nina mgongo mbovu na mtoto mmoja. Lakini siku zile tatu hakula. Nilimtengea chakula, akakitazama tu. Kwa hiyo usifikiri alinyamaza kwa raha."

"Yuko wapi?"

"Yuko bandani, atakapokuwa siku zote."

*

Banda la witlofu lilikuwa nyuma ya nyumba, refu, jeusi, halina dirisha. Mboga ile hukuzwa gizani. Ikiona mwanga inageuka kijani na kuwa chungu, na hakuna anayeinunua. Delfina aliingia, na kabla macho hayajazoea akasikia sauti ya Joris:

"Mlango, tafadhali."

Aliufunga. Taa moja ndogo ilining'inia mbali, na chini yake Joris alikuwa amepiga magoti kando ya tuta, anang'oa mzizi, anauvunja kichwa cheupe kwa kiganja, mzizi upande huu, kichwa kwenye kreti upande ule. Mabomba ya maji ya moto yalipita chini ya udongo, na banda zima lilikuwa na joto la kitanda kilichotoka kulaliwa.

"Umerudi," alisema bila kusimama.

"Jana."

"Safari?"

"Ndefu. Joris, nimeyaona maboksi."

Alivunja kichwa kimoja, kisha kingine. "Nilitaka yawe tayari. Usipate tabu."

"Tabu gani?"

"Ya kuja kuomba vitu vyako kwa Baba."

Delfina alipiga magoti upande wa pili wa tuta, na sketi yake ya kazini ikagusa udongo. Sasa walitazamana, upana wa tuta kati yao. Joris alikuwa amekonda. Macho yake, ambayo siku zote yalikuwa na kawaida ya kumtazama kwanza mikono ndipo uso, leo yaliishia kwenye mikono.

"Nilikuandikia twende wote," alisema Delfina.

"Nilisoma."

"Mara moja?"

"Mara nyingi. Nilikwenda nayo shambani. Imelowa, lakini bado inasomeka."

"Uliichapa?"

"Sipendi kusoma mambo makubwa kwenye simu."

Delfina aliyatazama mabega yale, akamfikiria ameshika karatasi ile katikati ya matope ya Februari.

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningekwambiaje hapana, na wewe uko uwanja wa ndege na watu wako? Nikasema nisikuumize. Nikafikiri umeelewa. Uliponipigia kutoka kule safarini, ukazungumza habari za theluji tu, nikasema moyoni: ameelewa, anajikaza. Na mimi nikajikaza."

"Mimi nilifikiri umefurahi, ila unaona aibu kusema."

"Nikifurahi huwa nanyamaza?"

"Wewe kwa lolote huwa unanyamaza, Joris."

Midomo yake ilitaka kucheka, ikaghairi. Alisukuma kreti lililojaa, akavuta tupu.

"Nimewaambia wizarani tuko wawili," Delfina alisema. Aliitoa bahasha kwenye mkoba, akaishika tu. "Jina lako limeandikwa. Wametutafutia nyumba yenye bustani. Niliuliza udongo wake ukoje. Yule bwana wa ubalozi alidhani namtania."

"Uliuliza udongo?"

"Niliuliza."

Joris alifuta paji la uso kwa mkono uliochafuka. Aliposema tena, sauti haikupanda, lakini ilikuwa na kitu ndani yake ambacho Delfina hakuwahi kukisikia.

"Uliuliza udongo wa huko. Mimi hukuniuliza. Mimi uliniwekea saa."

"Nilikuuliza, kwenye barua."

"Uliniambia umeshaamua, na kwamba nikitaka kubisha nina siku tatu. Na siku zile tatu, Fina, ulijua ni siku gani. Kreti mia nne za mnada. Tulikuwa tunatoka humu ndani usiku, Baba anashika ukuta. Ulikuwepo mwaka jana, ulitusaidia. Ulijua."

Alifungua mdomo kujibu. Jibu lilikuwa tayari, kama majibu yake yote yalivyokuwa tayari siku zote: kwamba tarehe haikuwa yake, kwamba wizara ndiyo iliyombana. Yote yalikuwa kweli. Lakini kuna jambo ambalo kila mtu wa kazi ile analijua na hakuna anayeliandika popote. Neno ambalo ukilileta mezani litakataliwa, hulileti mezani. Unaliweka kwenye ukimya, wiki ambayo wenzako wana shughuli nyingi, na unakaa ukiomba wasifungue bahasha. Delfina alikuwa amelifanya hilo mara mbili au tatu kwa ajili ya nchi yake, na akasifiwa.

"Nilijua," alisema.

Joris aliinua macho usoni mwake kwa mara ya kwanza.

"Niliogopa kukuuliza ana kwa ana," Delfina aliendelea, polepole, akitafuta neno moja baada ya jingine. "Nilijua utakachosema. Nikatafuta njia ambayo hutasema chochote na mimi nitapata ninachotaka. Ragnhild alinitazama leo kama mtu aliyeona ajali. Nisamehe."

"Mimi pia," alisema Joris. "Ningeweza kuandika neno moja. Halina herufi nyingi."

"Basi liseme sasa."

"Fina."

"Liseme kwa mdomo wako. Nataka kulisikia likitoka kwako, nisije nikajidanganya tena nikifika nyumbani."

Aliviweka chini vichwa viwili alivyokuwa navyo mkononi. Alivilaza kwa uangalifu, kama mayai.

"Siendi," alisema. Kifua chake kilipanda na kushuka. "Nikiondoka, banda hili linafungwa kabla ya Krismasi, na Baba atakufa humu akijaribu kulifungua. Siendi." Delfina alidhani amemaliza, akaanza kuitikia kwa kichwa, lakini yeye hakuwa amemaliza. "Na sitaki uende. Hilo nalo sikulisema. Sitaki uende Washington. Nataka uingie kwa mlango ule kila Ijumaa, uulize kama kuna supu. Sikusema kwa sababu niliona ni kukufunga miguu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia akitoa. Machozi yalimtoka Delfina bila sauti, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na udongo hakuyafuta.

"Ungesema hivi wiki tatu zilizopita."

"Ungebaki?"

Delfina alitamani kumpa neno laini, mojawapo ya yale maneno aliyoyatengenezea nchi thelathini ili kila mmoja aondoke mezani akidhani ameshinda. Alikuwa nayo mengi. Alifikiria chumba cha darasa kisiwani, ndege za kijeshi za Ureno na za Amerika zikitua nje ya dirisha, na mtoto wa kike aliyetaka kujua ni nani anayeamua zitue. Alifikiria miaka kumi na sita. Kisha akafikiria upande ule mmoja wa kochi, na miji ambayo bado hajaifikia yenye makochi mengine.

"Hapana," alisema. "Nisingebaki."

Joris aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Hakuonekana kushangaa. Alinyoosha mkono juu ya tuta, na kwa gumba lake, lililokuwa safi kidogo kuliko la Delfina, akamfuta shavu moja, kisha la pili. Aliuacha mkono pale. Delfina alifumba macho, akaulaza uso wake kwenye kiganja kile kikavu, akauona upweke wake wote kwa mara moja, ulioko nyuma na ule ulio mbele, na kati yao wawili hakuna aliyekuwa na hila ya kuupunguza.

"Nipe penseli yako," Delfina alisema.

Alimpa ile nene ya kuandikia makreti. Delfina aliitoa fomu kwenye bahasha, akaiweka juu ya goti, akalipata jina. Joris Verlinden. Alikuwa ameliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kazini. Alipiga mstari mmoja katikati yake, na Joris alitazama mpaka penseli ilipofika mwisho wa jina.

"Watauliza kwa nini?"

"Watanipa nyumba ndogo. Hawaulizi."

Mlango wa banda ulifunguliwa, na mwanga wa jioni ukaingia pamoja na kivuli cha Mzee Gust.

"Mnavuna au mnagombana?"

"Vyote, Baba. Mlango."

Mzee aliurudisha mlango, ukabaki ufa.

"Viazi vimeiva," alisema. "Nimetenga sahani tatu. Mboga iliyobaki ifunikeni, itangoja." Kisha, akiwa anageuka, akaongeza, "Na wewe, Delfina, unawe mikono vizuri. Udongo huu hautoki kwa maji baridi."

Wote wawili walisikia alivyomwita.

Joris alisimama, magoti yakalia. Safu ilikuwa imevunwa nusu. Nusu nyingine ilisimama kwenye udongo, vichwa vyeupe vimebanana. Aliinyanyua pembe moja ya turubai jeusi, akasita.

"Kesho saa mbili tunaendelea," alisema. "Baba hawezi tena kupiga magoti muda mrefu." Delfina aliona taya lake likifanya kazi, kama mtu anayesogeza jiwe. "Hapana, si kwa ajili ya Baba. Nataka uje. Kesho, na Jumapili, na Ijumaa zote mpaka hiyo Agosti yako. Baada ya hapo sijui."

"Na mimi sijui."

"Itauma zaidi kuliko ukiyachukua maboksi leo."

"Najua itauma zaidi." Aliishika pembe ya pili ya turubai. "Saa mbili nitakuwa hapa."

Walilivuta pamoja, Joris upande wake na Delfina upande wake, mpaka nusu iliyobaki ikazama gizani kabisa. Wakapanga mbao juu ya kingo ili mwanga usipenye, ubao baada ya ubao. Pale walipokuwa wamefikia, Joris alichomeka uma wa shambani kwenye udongo, usimame wima, ili asubuhi wajue pa kuanzia.